Godoro Halijawahi Kumshinda Mbwa

Wasee, leo tunaongea kuhusu kitanda cha mbwa. Wacha kucheka kwanza. Najua nusu yenu mnalala kwa godoro ambalo limebonyea katikati kama sahani, na mimi hapa naleta stori ya mahali mbwa analala. Lakini nipeni dakika kumi, juu hii stori iko na Misri ya mafarao ndani, iko na suruali za jinzi, iko na Vita vya Pili vya Dunia, na mwisho wake kuna mbwa anayeweza kufa kwa kumeza uzi.

Hali yenyewe mnaijua. Mtu analeta mbwa mdogo nyumbani, anamnunulia kile kigodoro cha mviringo chenye manyoya, kile kinachopendeza kwa picha. Asubuhi ya pili anaamka, anapata sebule imejaa sponji. Ananunua kingine, nacho kinararuliwa. Cha tatu kimeandikwa ati hakitafuniki, bei yake ni mara mbili, na kinamaliza wiki moja tu. Hapo ndipo watu wanaanza kusema mbwa ni mjeuri. Anahamishiwa nje kwa simiti, na mjadala umeisha.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usiseme nimekuzungusha. Hakuna kitambaa ambacho mbwa mwenye meno na muda hawezi kukimaliza. Ukifuata historia ya malazi ya mbwa, utaona watu waliowalaza mbwa vizuri walianza kwa kumwangalia mbwa, wakaja kwa kitanda baadaye. Sisi tumegeuza. Tunaanza na kitanda, halafu tunamkasirikia mbwa.

Kabla ya duka

Mbwa wa shags hajui godoro. Ukiamka mapema na kuna baridi, utampata amejikunja kwenye majivu ya moto wa jana, ama chini ya ghala, ama kwa shimo dogo alilojichimbia kando ya ukuta. Anazunguka mara mbili tatu, anakwaruza chini, analala. Hicho ndicho kitanda alichojichagulia mwenyewe: ni kikavu, kina joto, kinamkinga na upepo, na hakina kona ya kushika kwa meno. Hiyo kona iweke akilini, tutaihitaji huko mbele.

Mambo ya mtu kumtafutia mbwa mahali pa kulala ni ya zamani sana. Mwaka wa 1914, huko Oberkassel, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mbwa. Mwaka wa 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza meno yake. Alikuwa na umri wa miezi saba hivi, na alama kwenye meno zilionyesha aliwahi kuugua vibaya kwa wiki kadhaa, ugonjwa ambao inaelekea ulikuwa distempa. Mbwa mdogo hatoki kwa ugonjwa kama huo peke yake. Watafiti walisema lazima kuna mtu alimtunza: akampa maji, akamsafisha, akamweka mahali pa joto.

Miezi saba, manze. Huo ni umri ambao mbwa ametoka tu kung'oa meno 28 ya utoto na kuota 42 ya ukubwa. Yaani ni umri ule ule ambao leo watu wanawatupa nje kwa sababu ya godoro. Huyo wa Oberkassel hakuwa na faida yoyote kwa kuwinda wala kulinda. Alikuwa mgonjwa tu, na bado mtu alimwekea mahali.

Ruka hadi Misri. Mwaka wa 1935, mchimbaji wa mambo ya kale Mmarekani, George Reisner, alipata jiwe lenye maandishi huko Giza, karibu na piramidi. Maandishi hayo yana zaidi ya miaka 4,000. Yanamhusu mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw, aliyekuwa mlinzi wa mfalme. Alipokufa, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima, apewe jeneza kutoka hazina ya mfalme, kitambaa cha kitani kizuri kwa wingi, na uvumba. Angalia kazi yake: mlinzi. Ni kazi ile ile anayofanya mbwa aliye nyuma ya kibao cha MBWA KALI pale mtaani kwenu. Mwenzake wa Misri alilazwa kwenye kitani, ingawa ilibidi afe kwanza.

Katika karne ya 2, mwandishi Mgiriki aitwaye Arrian, yule yule aliyeandika historia ya vita vya Alexander, aliandika pia kitabu kuhusu kuwinda na mbwa. Arrian hakuwa mtu wa kupoteza muda. Alikuwa ameongoza jimbo la Kapadokia kwa niaba ya Warumi. Lakini kuhusu malazi ya mbwa alisema kitanda laini chenye joto ni kizuri, na kizuri zaidi ni mbwa alale na mtu. Sababu zake zina akili: mbwa anamzoea mtu, na kama kuna kitu kinamsumbua usiku, mtu atajua. Kwake kitanda kilikuwa njia ya kujua mbwa ana nini.

Majani makavu, mbao, na mtoto mmoja

Sasa hapa ndipo historia inaanza kutufundisha kazi. Mwaka wa 1387, Gaston Phébus, mtawala wa Foix kusini mwa Ufaransa, alianza kuandika kitabu kikubwa kuhusu uwindaji. Miaka ishirini hivi baadaye, Edward, Mtawala wa York huko Uingereza, alikitafsiri sehemu kubwa kwa Kiingereza na kuongeza yake. Tafsiri hiyo inaitwa The Master of Game. Edward alikufa kwenye vita vya Agincourt mwaka wa 1415, lakini maelezo ya kibanda cha mbwa yamebaki, na ukiyasoma utadhani ni mtu aliyekaa chini akawaangalia mbwa mwaka mzima.

Kibanda kiwe cha mbao, na sakafu iinuliwe futi moja kutoka chini, ili mbwa wapate ubaridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi. Kiwe na mlango mbele na mlango nyuma, na uwanja wenye jua ambao mbwa wanaweza kuingia na kutoka watakavyo. Juu ya mbao kuwe na majani makavu mengi, na yabadilishwe kila siku. Mbwa watolewe nje kutembea asubuhi na jioni. Halafu kuwe na mtoto anayelala humo na mbwa, mchana na usiku, ili wasipigane.

Kuna kitu kingine ambacho kilinifurahisha sana. Kitabu kinasema uweke mawe madogo, uyafunge kwa majani waliyolalia mbwa, ndio wapate mahali pa kukojolea. Fikiria hiyo akili. Mbwa anataka kunusa na kuweka alama, basi mpe mahali pa kufanya hivyo. Badala ya kumpigia kelele, wamechukua tabia yake wakaijengea.

Na majani? Mbwa akiyatafuna, sawa tu. Majani makavu machache hayafungi tumbo kama sponji, na kesho yanatolewa kwa vyovyote. Hakuna aliyejaribu kutengeneza majani ambayo hayatafuniki. Swali la kudumu lilijibiwa kwa njia nyingine: mbao ndizo zinadumu, na kilicho juu yake kinabadilishwa. Kwa mbwa mwenye meno, hiyo ndiyo mbinu nzuri kuliko zote ninazozijua, na ina zaidi ya miaka 600.

Gunia lilitoka wapi

Turudi nyumbani. Kama ulikulia Kenya na mlikuwa na mbwa, kuna uwezekano mkubwa kitanda chake kilikuwa gunia. Hilo gunia nalo limesafiri.

Gunia la zamani lilikuwa la juti ama la katani. Juti ilikuwa zao la Bengali, kule ambako leo ni Bangladesh na mashariki mwa India. Katika karne ya 19 ilipelekwa kwa meli hadi mji wa Dundee, Uskoti, ambako viwanda viligundua kwamba nyuzi zake ngumu zinalainika zikitiwa mafuta ya nyangumi. Dundee ilishona magunia ya kubebea mazao ya dunia nzima. Katani yenyewe asili yake ni Yucatán, Meksiko, na jina ambalo Wazungu wanaliita limetoka kwa bandari ya huko, Sisal. Mwaka wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ije Tanganyika. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutoka kwa hiyo michache ndiyo mashamba makubwa ya katani yalianza, kwa jasho la vibarua Waafrika, na baadaye zao hilo likashika Kenya pia. Ukipita Vipingo huko Kilifi ama Mwatate huko Taita Taveta utaona mistari yake mpaka macho yachoke.

Gunia la aina hiyo lilimfaa mbwa kwa sababu tatu. Lilikuwa limefumwa kwa uzi mnene. Halikuwa na kitu ndani, kwa hivyo mbwa hakuwa na sponji ya kutafuta. Na lilikuwa rahisi, likichakaa unaweka lingine. Ni kama majani ya Edward, sema tu yamefumwa.

Sasa sikiza vizuri, juu hapa ndipo watu wanapotea. Gunia unalolipata leo kwa duka la mahindi si lile. Mengi ni ya plastiki inayoitwa polipropilini, ambayo ilianza kutengenezwa miaka ya 1950. Sisi tunaita gunia la nailoni. Likikatwa linaachana nyuzi nyuzi, ndefu, nyembamba, ngumu. Mbwa akimeza uzi mrefu, ncha moja inaweza kunasa huku utumbo ukiendelea kusukuma, na utumbo unajikunja juu ya uzi mpaka unakatika. Hiyo inaua. Kwa hivyo ile hekima ya babu ya kuwekea mbwa gunia ilikuwa sawa kwa gunia la babu. Jina limebaki lile lile, lakini kitu kimebadilika.

Kitambaa hukatikia kwa mshono

Baada ya gunia kuna turubai, na turubai inanipeleka kwa stori ninayoipenda kuliko zote hapa.

Miaka ya 1870 hivi, huko Reno, Nevada, kulikuwa na fundi cherehani anaitwa Jacob Davis. Kazi yake ilikuwa kushona mahema, vifuniko vya mikokoteni, na blanketi za farasi. Kwenye blanketi za farasi alikuwa anatumia ribiti za shaba kushikilia mikanda, kwa sababu farasi akijitikisa, uzi peke yake haushiki. Siku moja akaombwa ashone suruali ya kazi ambayo haitararuka. Akachukua turubai ile ile, akashona, halafu kwenye kona za mifuko akagonga ribiti zile za farasi. Watu wakaanza kuzitafuta. Davis akaungana na Levi Strauss, muuzaji wa vitambaa San Francisco, na tarehe 20 Mei 1873 wakapata hataza. Hiyo ndiyo jinzi uliyovaa. Ribiti iliyo kwa mfuko wako ilianzia mgongoni mwa farasi.

Mbona nakuambia haya? Kwa sababu Davis alielewa kitu ambacho wauzaji wengi wa vitanda vya mbwa hawakuambii. Kitambaa hakikatikii katikati. Kinakatikia kwa mshono, kwa kona, kwa zipu, kwa ule utepe wa pembeni. Nguo yenyewe inaweza kuwa ngumu kama ngozi ya kiboko, lakini kama imeshonwa kwa uzi mwembamba na kona inatokeza, mbwa hana haja ya kupigana na nguo. Anapigana na uzi. Ile kona niliyokwambia uiweke akilini ndiyo hii. Majivu hayana kona, na sakafu ya mbao pia haimpi mbwa pindo la kuvuta.

Nailoni ya vita, sponji ya starehe

Mwaka wa 1935, kwenye maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, timu ya Wallace Carothers ilitengeneza nailoni. Mwezi wa Mei 1940 soksi ndefu za wanawake za nailoni zilianza kuuzwa Marekani nzima na watu wakapiga foleni. Haikuchukua muda, vita vikaichukua yote: miavuli ya wanajeshi, kamba, na fulana nzito za kukinga marubani na vipande vya mabomu. Nailoni ile nene ya fulana ndiyo babu wa kitambaa ambacho leo kinatangazwa kwenye vitanda vya mbwa ghali, ati kinahimili hata risasi.

Sawa, lakini fikiria tofauti. Kipande cha bomu kinagonga mara moja, katikati ya kitambaa. Mbwa anashika pindo kwa meno ya mbele, analipeleka kwa magego ya pembeni ambayo yanakata kama makasi, anavuta, anapumzika, anarudi. Ana mchana mzima. Kitambaa kilichoundwa kwa ajili ya robo ya sekunde kimepelekwa kwa mashindano ya saa nane. Nailoni nene ni bora kuliko manyoya, hiyo sibishi. Ninachobisha ni neno "hakitafuniki".

Halafu kuna sponji. Mwaka wa 1937 mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake walivumbua poliuretani huko Leverkusen, na kufikia miaka ya 1950 viwanda vilikuwa vinaitengeneza ikiwa laini, ya viti na magodoro. Kwa binadamu ilikuwa baraka. Kwa mbwa anayetafuna ni mtego. Inakatika vipande, ni nyepesi, inabonyea na kurudi kama kitu kilicho hai. Ukitaka kumfundisha mbwa kuraruararua, hungepata kifaa kizuri kuliko hicho. Na vipande vyake havisagiki tumboni.

Ukiangalia orodha yote, utaona kitu. Gunia lilikuwa la mazao. Turubai ilikuwa ya mahema. Nailoni ilianza na soksi ikaenda vitani. Sponji ilikuwa ya sofa. Hakuna hata moja iliyoanza na mtu akiuliza mbwa anafanya nini na mdomo wake. Kitanda cha kisasa cha mbwa ni kigodoro cha mtu kilichopunguzwa, na kimeundwa kimfurahishe anayelipa.

Nyuma ya kibao

Tuseme ukweli kuhusu mji wetu. Mbwa wengi Nairobi si wa sebuleni. Wanafungiwa kwa kibanda cha mabati ama cha mbao kutoka asubuhi, wanafunguliwa usiku geti likifungwa. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni ni saa kumi na tatu. Ndani kuna bakuli la maji, kuta nne na kitanda. Sasa niambie wewe ungetafuna nini.

Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na ni ya miaka mingi. Lakini sheria haiji kwa kibanda chenu saa saba mchana. Mnaojua mbwa wenu ana hali gani ni nyinyi mnaoishi hapo, na mara nyingi anayejua zaidi ni wewe kijana, juu ndiwe unatumwa kumpelekea chakula. Wazazi wananunua kitanda, wewe ndiye unaokota sponji. Kwa hivyo haya maneno nayaelekeza kwako.

Kuna mtu atasema watu wanalala njaa na mimi naleta mambo ya mbwa. Nimesikia. Lakini vigodoro vitatu vilivyoraruliwa ni pesa zilizotupwa, na kumpasua mbwa tumbo kutoa sponji kunagharimu kuliko hivyo vyote. Ninachopendekeza ni rahisi kuliko kile watu wanafanya sasa.

Sasa chagua

Kwanza, jua ni kutafuna kwa aina gani. Mtoto wa mbwa, kati ya miezi mitatu na saba, anabadilisha meno na fizi zinamsumbua. Hiyo itapita. Huyo usimnunulie kitanda cha maana kabisa. Mpe boksi la mbao ama kona isiyo na upepo, na majani makavu. Nyasi za boma rhodes wanazouziwa wafugaji wa ng'ombe zinafaa. Hakikisha ni kavu, hazina ukungu, na uzibadilishe mara kwa mara ndio viroboto na kupe wasihamie. Mbwa mkubwa anayetafuna ukiondoka nyumbani tu, huyo anaogopa kuachwa. Anayetafuna mchana kutwa akiwa amefungiwa, huyo amechoka kukaa bure. Hao wawili hata uwape kitanda cha chuma, watahamia kwa mlango.

Pili, inua kitanda. Fremu ya bomba la chuma yenye miguu mifupi, na turubai nzito iliyovutwa juu yake ikakaza kama ngoma. Pindo lipite chini ya fremu na lifungwe huko kwa bolti ama ribiti, mbali na mdomo. Mafundi wa Kamukunji wanachomelea vitu vigumu kuliko hivyo kila siku, na turubai ya lori iliyozeeka bado ina maisha. Watu wa Pwani wamelalia vitanda vya kamba vilivyokazwa hivyo hivyo miaka na mikaka, na hawakuhitaji sponji. Hakikisha tu hakuna ncha ya waya wala ukingo mkali uliobaki.

Tatu, kama ni lazima kiwe cha kitambaa, kigeuze dukani kama mtu anayekagua viatu vya mitumba. Mishono iko ndani ama nje? Imeshonwa mara moja ama mara mbili? Zipu imefunikwa? Kuna utepe, vifungo, manyoya, kamba? Kila kinachotokeza ni kishikio. Muulize muuzaji, ikiraruka wiki hii unanirudishia pesa? Akicheka, umepata jibu. Nguo ya jinzi nzee kutoka Gikomba, ikishonwa tabaka mbili na mishono ikaingia ndani, inashinda vitanda vingi vya dukani. Toa ribiti, zipu na vifungo kwanza, na ndani usiweke sponji.

Nne, gunia sawa, lakini liwe la juti ama katani, na lisiwe lililobeba mbolea wala dawa ya shamba. Likianza kutoa nyuzi, liondoe siku hiyo. Lile la plastiki usiweke kabisa.

Tano, fanya kazi ya yule mtoto wa kibanda cha Edward. Mtoe nje asubuhi na jioni. Si lazima iwe mbali, zunguka mtaa na umwache anuse. Mpe kitu chake halali cha kutafuna, raba ngumu iliyo kubwa kuliko koo lake. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha. Na wacheni ile tabia ya kupaka pilipili kwa kitanda. Mbwa anajifunza kwamba mahali pake pa kulala panauma, basi.

Na ikitokea amemeza: mbwa akitapika tena na tena, akikataa chakula, tumbo likajaa ama akashindwa kunya, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni ama nyuma, usiuvute, hata kama unaona ni mfupi. Ncha ile nyingine inaweza kuwa imenasa ndani, na kuvuta kutamkata utumbo.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa ya kigodoro cha tatu, andika kwa karatasi mbwa wenu anafanya nini kutoka asubuhi mpaka jioni, saa kwa saa. Ukipata mistari kumi na tatu imeandikwa "amefungiwa", hizo pesa ziweke kando. Kesho amka dakika ishirini mapema, chukua mnyororo, ufungue kile kibanda.